Herufi Mbili Juu ya Ukurasa

Andika "murakoze cane" kwenye ukurasa uliotangazwa kuwa wa Kifaransa, kisha washa programu ya kusoma skrini, ile inayowasomea wasioona maandishi yaliyo mbele yao. Utasikia kitu kinachokaribia "mirakoz kan". U ya mwanzo imebanwa midomoni jinsi Wafaransa wanavyoibana mpaka inataka kuwa i, e mbili za mwishoni zimemezwa, na c ambayo kila Mrundi huitamka ch imegeuka k. Mrundi anayeona hatagundua lolote, kwani kwake maandishi ni yaleyale. Asiyeona ameshukuriwa kwa lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembeleza mtoto kwayo.

Ukimtafuta mwenye kosa, sauti haimo. Imeambiwa hiki ni Kifaransa, ikakisoma kwa kanuni za Kifaransa, bila kuruka hata moja. Programu ya kusoma skrini haimo pia, maana imebeba tu ilichopewa na kivinjari. Kivinjari nacho kimeuliza palipostahili kuulizwa, kikajibiwa. Kosa liko juu kabisa ya ukurasa, ndani ya msimbo wake, mahali ambapo msomaji hafiki kamwe. Pana herufi mbili, fr, zilizopaswa kuwa rn.

Hizo herufi mbili, na safari yake kutoka mkononi mwa fundi hadi sikioni mwa msomaji, ni ufundi unaostahili kutazamwa taratibu, na sijui mji unaofaa kuutazamia kuliko Bujumbura. Hapa Kirundi ni lugha ya taifa na ya kila nyumba. Kifaransa kilibaki maofisini tangu enzi za Wabelgiji. Kiingereza kilipewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Kiswahili ni cha Buyenzi na cha sokoni tangu mji ukiitwa Usumbura, na kiliingia katika shule za msingi katika miaka ambayo Burundi ilikuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2007. Redio na televisheni ya taifa, RTNB, hutangaza kwa lugha zote nne. Mtu wa hapa hupita kutoka moja hadi nyingine katikati ya sentensi na wala hahesabu. Mashine lazima ihesabu.

Chukua tangazo la chanjo ya watoto, la kubuni, lakini la aina ambayo kila mkazi wa mji huu amewahi kuiona. Kichwa chake ni cha Kifaransa, kwa sababu karatasi za serikali huanza hivyo. Maelezo yenyewe, yaani tarehe, umri wa watoto na kituo cha afya cha kwenda, ni ya Kirundi. Pembeni kuna kisanduku cha Kiswahili. Chini kabisa kuna mstari wa Kiingereza wa shirika lililotoa fedha. Fundi anayeijua kazi yake ataanza na kipengele cha html, kile ambacho ndani yake vingine vyote vimo, na kukiandika lang="rn". Kwenye kichwa ataandika lang="fr", kwenye kisanduku lang="sw", kwenye mstari wa chini lang="en". Basi. Aya za Kirundi, hata zikiwa mia, hazihitaji kuguswa.

Kisha kivinjari kinaulizwa: neno hili, hapa lilipo, ni la lugha gani? Hakianzi kwa kulisoma neno, na hilo ndilo linalowashangaza wengi. Kinatazama kipengele kinachoshika neno hilo kama kimeandikwa lang. Kisipoandikwa, kinapanda kwenye kipengele kinachokizunguka, halafu kinachozunguka hicho, ngazi kwa ngazi hadi html. Ni mwendo wa mgeni anayetafuta nyumba Buyenzi: ataanza na jirani wa mlango wa pili, jirani akishindwa ataelekezwa kwa nyumbakumi, na ofisi ya zoni ataiacha iwe ya mwisho. Jibu la kwanza kupatikana ndilo jibu, na aliye karibu humshinda aliye juu kila mara.

Uzuri wa kanuni hii hauonekani mpaka uipe kazi ngumu kidogo. Tuseme ndani ya kile kisanduku cha Kiswahili kuna jina la kituo cha afya kwa Kifaransa, na fundi amelizungushia kipengele kidogo chenye lang="fr". Sauti inasoma Kiswahili, inafika kwenye jina, inageuka kuwa ya Kifaransa kwa maneno manne, halafu inarudi kwenye Kiswahili. Hairudi kwenye Kirundi cha ukurasa, inarudi kwenye Kiswahili cha kisanduku. Na hakuna aliyeandika popote "sasa tumerudi". Neno linalofuata jina limeulizwa upya, limepanda ngazi zake lenyewe, limekuta sw. Nimewahi kusoma kanuni nyingi za mashine zinazohitaji kuambiwa mwanzo na mwisho wa kila jambo, zikavurugika pale mwandishi anaposahau mwisho. Hii haina mwisho wa kusahau.

Ikiwa kivinjari kimepanda mpaka html na hakuna lang hata moja, bado kina milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni tamko la zamani lililokuwa likiwekwa kwenye sehemu ya juu ya ukurasa, liitwalo content-language. Kanuni za leo za HTML zinawakataza waandishi kulitumia, lakini zinaviamuru vivinjari viendelee kulisoma, kwa ajili ya kurasa nyingi zilizoandikwa kabla ya katazo. Mlango wa pili ni seva yenyewe, ambayo inapotuma ukurasa huweza kuambatisha maelezo ya HTTP, na mojawapo ni Content-Language.

Hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Maelezo yale ya seva yanaruhusiwa kutaja lugha zaidi ya moja, kwa mfano rn, fr, sw, kwa kuwa kazi yake ni kusema ukurasa umekusudiwa wasomaji gani. Kivinjari kikikuta lugha tatu, hakichukui ya kwanza kwenye orodha, wala inayozungumzwa na wengi zaidi duniani. Kinajibu kwamba lugha haijulikani. Tamko la zamani nalo likiwa na mkato katikati, yaani likitaja lugha zaidi ya moja, linaachwa kama halipo. Mtu aliyeandika kanuni hizi alielewa kwamba orodha ya wageni walioalikwa haisemi ni nani anayezungumza sasa hivi, na kwamba mashine inayokiri kutojua inamwachia msomaji nafasi ya kuamua. Mwandishi wa ukurasa pia amepewa njia ya kukiri hivyohivyo: akiandika lang="" bila kitu ndani, anakata urithi, anasema kilichomo humu sikijui. Inafaa kwa orodha ya majina ya watu kutoka kila upande, au kwa maneno yanayoandikwa na wasomaji wenyewe, ambayo hakuna ajuaye kesho yatakuja kwa lugha gani.

Kuna adabu nyingine ndogo. Fundi akiandika lang="kirundi", herufi saba, kivinjari hakitajua ni nini, kwa kuwa neno hilo halimo kwenye daftari la misimbo ya lugha. Lakini hakiruhusiwi kulisahihisha wala kulitupa. Kinatakiwa kulichukulia kama lugha isiyofahamika yenye jina hilo, iliyo tofauti na lugha nyingine zote, na kulipitisha mbele kama lilivyo. Huenda programu inayofuata inalijua.

Bahati mbaya ni kwamba makosa mengi si ya herufi saba bali ya herufi mbili zilizo sahihi kwa lugha ya wengine. Anwani za tovuti za Burundi huishia na bi, kwa hiyo kijana anayejenga tovuti yake ya kwanza huona ni jambo la akili kuandika lang="bi". Ametangaza Kibislama, lugha ya visiwa vya Vanuatu katika bahari ya Pasifiki. Mwenzake anawaza kwamba Kirundi huanza na ki, anaandika ki: hicho ni Kikuyu. Wa tatu anaondoa kiambishi, anachukua ru, na ukurasa wa Bujumbura umekuwa wa Kirusi. Anayetaka Kiswahili akaandika ks amepata Kikashmiri. Msimbo wa Kirundi ni rn, wa Kinyarwanda ni rw, wa Kiswahili ni sw, na hakuna njia ya kuzipata hizo herufi kwa kubahatisha. Daftari lipo, linatunzwa na shirika la IANA, na linafunguliwa na yeyote. Ipo pia misimbo ya herufi tatu, na wa Kirundi ni run, lakini kanuni inasema lugha yenye msimbo wa herufi mbili iandikwe kwa mbili. Kiswahili kina upekee wake: sw ni mwavuli, na chini yake kuna swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa cha Kongo. Kwa tangazo la Buyenzi, sw inatosha kabisa.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1995 Harald Alvestrand aliandika waraka wa kwanza wa namna ya kutaja lugha kwenye intaneti. Januari 1997 waraka mwingine ukaleta lang kwenye HTML, na Desemba ya mwaka huohuo HTML 4.0 ikaipokea. Toleo la kanuni za misimbo linalotumika leo, lililohaririwa na Addison Phillips na Mark Davis, ni la 2009. Kuhusu wasioona, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG 2.0 wa Desemba 2008, uliweka lugha ya ukurasa katika daraja la kwanza kabisa la masharti, na lugha ya sehemu za ukurasa katika daraja la pili. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014. Shirika la WebAIM, ambalo kila mwaka hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja, lilikuta mwaka 2019 kwamba takriban theluthi moja hazikutaja lugha. Kufikia 2024 zilikuwa kiasi cha asilimia 17. Yaani sharti jepesi kuliko yote, la herufi mbili, bado linawashinda wengi.

Turudi kwenye safari. Kivinjari kikishajua lugha ya kila kipande, kinajenga nakala ya pili ya ukurasa, isiyoonekana, iliyovuliwa rangi na mapambo, yenye vichwa, aya, viungo na vitufe tu. Nakala hiyo ndiyo inayokabidhiwa programu ya kusoma skrini, na kila kipande kimebandikwa lugha yake. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na James Teh, vijana wawili wasioona, hupitia nakala hiyo na kila inapokuta lugha imebadilika huingiza amri ndogo katikati ya maneno: badili lugha. Mtumiaji haoni amri wala hasikii kelele yoyote. Anasikia sauti ikigeuka.

Sauti inayokuja pamoja na NVDA ni eSpeak NG. Mizizi yake ni programu ambayo Jonathan Duddington alianza kuitengeneza mwaka 1995 kwa kompyuta za Acorn za Uingereza. Si sauti ya kupendeza, na wageni huikunjia uso. Inatengeneza sauti kwa hesabu badala ya kurekodi mtu, ndiyo maana ni ndogo mno, inakubali kukimbizwa kwa kasi ambayo sikio langu haliwezi kuifuata, na iliweza kujifunza lugha nyingi bila studio. Kiswahili kimo. Kirundi hakimo. Anayetaka sauti laini zaidi ana Edge ya Microsoft, yenye Zuri na Rafiki wanaosoma Kiswahili cha Kenya, na Daudi na Rehema wanaosoma cha Tanzania. Kuna maeneo mawili tu hapo, na Burundi si mojawapo, lakini hilo halimzuii fundi kuandika sw-BI, yaani Kiswahili cha Burundi. Programu inayotafuta sauti, ikikosa sw-BI, hukata kipande cha mwisho na kutafuta sw. Inarudi nyuma kwa hatua, kutoka mahsusi kwenda kwa jumla, wala haianguki moja kwa moja kwenye Kiingereza.

Msomaji atauliza, na ana haki: kwa nini mashine isisome maneno yenyewe ikajua? Inaweza, na kuna watu waliofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Google ilitengeneza kitambuzi kiitwacho CLD kwa ajili ya Chrome. Toleo lake la pili, la Dick Sites, hukata maandishi vipande vya herufi nnenne na kupima kila kipande kinaelekea lugha ipi, kisha hutoa lugha tatu zinazoongoza pamoja na kiasi cha kila moja katika ukurasa. Toleo la tatu linatumia mtandao wa neva na linajua lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kikiwemo, Kirundi na Kinyarwanda zikiwa nje.

Chrome hutumia utambuzi wa namna hiyo hasa kuamua kama itakupendekezea tafsiri, na ndani ya msimbo wake kuna kanuni moja inayoonyesha uzoefu wa mtu mzima. Kwa kawaida ukurasa ukitangaza lugha yake, utambuzi hauipindui. Kuna lugha moja isiyopewa heshima hiyo: Kiingereza. Watengenezaji waliona kwamba tovuti nyingi zinajitangaza en kwa sababu tu templeti ilikuja hivyo na hakuna aliyeibadilisha, kwa hiyo tamko la en linaweza kupinduliwa na utambuzi, ikiwa lugha iliyotambuliwa haifanani na Kiingereza na imo katika orodha fupi ya lugha zinazojulikana kupatwa na ajali hiyo. Waliandika hata sababu kwenye maelezo ya msimbo, kwamba huenda ni mpangilio wa seva uliokosewa. Ninachokosoa ni ufupi wa orodha. Lugha zetu hazimo, wakati templeti za Kiingereza na Kifaransa ndizo zinazotufikia kila siku.

Kwa upande wa wasioona, Chromium, msimbo ambao Chrome hujengwa juu yake, imekuwa na jaribio la nyuma ya pazia, na mbinu yake inanivutia. Kila kipande cha maandishi hupewa hadi lugha tatu zinazowezekana, ya kwanza ikipata alama nyingi kuliko ya pili na ya pili kuliko ya tatu. Alama za vipande vyote hujumlishwa kwa ukurasa mzima. Halafu kipande chenye mashaka huamuliwa kwa kutazama lugha zilizoshinda ukurasani. Kitufe chenye neno moja tu, ambacho peke yake hakiwezi kutambuliwa, husaidiwa na aya zilizokizunguka. Lakini sauti nyingi leo bado zinafuata tamko la mwandishi, na mimi naona ni sawa. Utambuzi unahitaji maandishi ya kutosha, na kurasa za kweli zimejaa vitufe, tarehe na majina ya watu.

Kirundi kina ugumu wake wa pekee. Jirani yake, Kinyarwanda, anaeleweka na Mrundi yeyote bila mkalimani, na kwa mashine lugha hizo mbili zinafanana sana. Zinazotofautisha ni herufi chache zilizotawanyika. Mrundi ataandika "ibintu vyose", Mnyarwanda "ibintu byose". Huku "cane", kule "cyane". Huku "canke", kule "cyangwa". Habari mpya ni "amakuru mashasha" Bujumbura, na "amakuru mashya" Kigali. Kitambuzi cha vipande vya herufi kinaweza kujifunza kwamba vy inaelekeza Kirundi na cy inaelekeza Kinyarwanda, lakini kipe kichwa cha habari cha maneno matano kisicho na vy wala cy, na utakuwa umekiomba kibahatishe. Idhaa ya BBC Gahuza, iliyozaliwa mwaka 1994, huwahudumia wasikilizaji wa lugha zote mbili kwa pamoja, na masikio ya watu hayajawahi kulalamika. Ukurasa wa namna hiyo unapofika kwenye html unaulizwa swali ambalo redio haikuulizwa kamwe: rn au rw? Kwa mahali pengi jibu lolote kati ya hayo mawili litafaa. Kwa aya moja yenye mwandishi wa Gitega, fundi makini ataandika rn.

Na mchanganyiko wetu wa kila siku? Fundi wa gari Buyenzi akiandika kwa Kiswahili kwamba anarekebisha "freni" na kwamba malipo ni "kashi", je, kila neno lizungushiwe lang yake? Waandishi wa WCAG walilifikiria. Sharti la lugha ya sehemu linaacha nje majina ya watu na mahali, istilahi za kitaalamu, maneno ambayo lugha yake haiamuliki, na maneno ambayo yameshakuwa ya lugha inayoyazunguka. Freni ya Buyenzi ni ya Kiswahili, na sauti ya Kiswahili ndiyo inayostahili kuisoma. Sauti inayobadilika kila neno la tatu huchosha kuliko inayokosea mara moja moja. Hapa fundi hahitaji kujua kompyuta zaidi, anahitaji kujua watu wanavyozungumza. Sentensi nzima ya Kifaransa iliyoingia kwenye aya ya Kirundi, hiyo aiandikie fr. Neno lililooa na kuzaa huku aliache.

Kwa hiyo kazi kubwa imebaki mikononi mwa anayejenga ukurasa, na kwa kawaida hajui kwamba amepewa. Tovuti nyingi za mjini hujengwa kwa WordPress, na WordPress huandika lang yenyewe kwa kufuata lugha iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Msimamizi anayependa kuona vitufe vyake kwa Kifaransa huchagua Kifaransa, na kuanzia hapo kila makala, hata yenye Kirundi kitupu kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, inatoka na fr-FR. Amechagua lugha ya ofisi yake, mfumo umeielewa kuwa lugha ya wasomaji wake. Dawa ni ndogo: kipengele kinachozunguka maandishi ya makala kipewe lang="rn" kwenye templeti, na kwa kuwa aliye karibu hushinda, fr ya juu itabaki kutawala vitufe na menyu peke yake.

Lakini kama sauti ya Kirundi haimo kwenye eSpeak, rn inamsaidia nani? Nimesikia swali hili likiulizwa kama hoja ya kuacha kazi, na jibu lake liko kwenye mwenendo wa programu yenyewe. NVDA ikikuta lugha ambayo sauti haiijui, hurudi kwenye sauti ambayo mtumiaji ameichagua kuwa ya kawaida. Mrundi asiyeona anayetumia Kiswahili, na hapa mjini hao si haba, anaweza kuiweka sauti ya Kiswahili kuwa ndiyo ya kawaida. Atakapofika kwenye ukurasa wa rn, Kirundi chake kitasomwa kwa irabu tano zilezile, u ikiwa u, e ya mwisho ikisikika, h ya "amahoro" ikipumua. C itamsumbua, maana Kiswahili hakina c isiyo na h, lakini "murakoze" itakuwa "murakoze". Ukurasa huohuo ukiwa umeandikwa fr, uamuzi wake umepokonywa: programu itaacha sauti aliyoichagua na kuleta ya Kifaransa, kwa kutii, na hatakuwa na la kufanya ila kuizima kabisa huduma ya kubadili lugha, akose na Kifaransa cha kweli pale kinapokuja. Ndiyo maana tamko la uongo ni baya kuliko ukurasa uliokaa kimya. Ukurasa uliokaa kimya humwachia msomaji sauti yake.

Watakaotengeneza sauti ya Kirundi wana kazi ngumu mbele yao, na si ya kivinjari. Kirundi ni lugha ya toni, na maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu. Msomaji Mrundi hujazia mwenyewe kwa kufuata maana ya sentensi, na mashine italazimika kufundishwa kufanya vivyo hivyo. Watahitaji rekodi za wasomaji wazuri na maandishi mengi yanayojulikana kwa uhakika kuwa ni Kirundi, wala si Kinyarwanda. Mahali pa kwanza pa kuyatafuta maandishi hayo ni kurasa ambazo mtu alishaziandikia rn.